Bure, Huria, na Beti za Mwalimu



Katika ukumbi huu tumezoea kujadili vina, mizani na asili ya maneno. Leo naomba ruhusa nilete habari inayoonekana kuwa mbali na ushairi, nayo ni habari ya mifumo endeshi ya kompyuta iliyo huria. Si kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Tanga, na mambo haya huyashughulikia usiku, madaftari yakishasahihishwa, kama mwingine anavyofuga njiwa. Naileta habari hii hapa kwa sababu uraibu wangu uliwahi kumpotezea mshairi beti zake, na kila nikilichunguza kosa lile naliona lilikuwa la lugha kabla halijawa la mtambo.

Kwa asiyeufahamu, mfumo endeshi ni ile programu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, ikazipokea programu nyingine zote na kuzigawia nafasi. Wengi wetu hatuuchagui. Tunaukuta umo ndani ya mashine, au fundi wa mtaani hutuwekea nakala ya wizi, nasi tunaishi nao kama mpangaji anavyoishi na rangi ya kuta alizozikuta. Hivyo ndivyo nilivyoishi hadi mwaka 2008, rafiki yangu aliponipa CD ya Ubuntu 8.04. Siku zile kampuni ya Canonical, yenye kusimamia mfumo huo, ilikuwa ikimpelekea CD kwa posta yeyote aliyeomba, pasipo malipo. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2011. Toleo lile lilipewa jina la utani la korongo, kwani kila toleo la Ubuntu huitwa kwa jina la mnyama au ndege, na lile la mwaka 2012, ambalo ndilo la kisa changu, lilikuwa la kakakuona.

Nakiri kwamba kilichonivuta mwanzo ni jina lenyewe. Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na mwanafunzi yeyote wa isimu atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno letu utu: kiambishi chao *ubu-* kwetu kimebaki *u-*, na shina lao *-ntu* kwetu limedondosha king'ong'o likawa *-tu*. Nilifurahi kuona neno la ukoo wetu limeandikwa juu ya kitu kilichotumwa kutoka Ulaya. Kisha nikasoma zaidi. Kiini cha mfumo ule, kiitwacho Linux, kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliyewatangazia wenzake kwamba anafanya kwa kujifurahisha tu. Zana nyingi zilizokizunguka kiini hicho zilitoka katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Huyu wa pili ndiye aliyeweka shuruti za uhuru wa programu, nazo ni nne, zinazohesabiwa kuanzia sifuri: uhuru wa kuitumia kwa lengo lolote; wa kuichunguza na kuibadili; wa kuinakili na kumpa jirani; na wa kuwapa wengine ile uliyoibadili.

Nikawa mhubiri. Aliyekuja kwangu kukopa kitabu aliondoka na CD. Na kila nilipoulizwa faida yake ni ipi, jibu langu la kwanza lilikuwa: "Ni bure."

Laiti ningalijisikiliza! Mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa kidato cha pili maana zote za neno moja, sikutafakari jinsi neno hili linavyoingia masikioni. Bure ni kisicholipiwa, kweli, lakini bure pia ni kisichofaa. Mtu amekufa bure. Maneno ya bure. Yule ni mtu bure kabisa. Mwalimu mwenzangu mmoja alinirudishia CD akasema kwa upole, "Ndugu yangu, kitu cha bure hakikosi dosari." Mwingine aliniuliza nani ananilipa.

Waingereza wana taabu yao katika jambo hili, kwa kuwa neno lao moja hubeba maana ya uhuru na maana ya kutolipa, na Stallman amelazimika kwa miaka mingi kufafanua kwamba anakusudia uhuru. Sisi tuna maneno mawili tofauti kabisa, nami nilikuwa nimeliokota lile baya. Neno tulilo nalo ni *huria*, na Mtanzania halihitaji kuelezwa. Tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na hakuna aliyejiandikisha pale akidhani hatalipa ada. Huria ni mlango usiofungiwa watu. Tangu nilipoanza kusema "programu huria" mabishano yalibadilika, watu waliuliza, "Huria kwa nani? Kufanya nini?" Hayo ndiyo maswali yenye maana.

Mtu pekee aliyelikataa hata neno hilo alikuwa Mwalimu.

Sitamtaja jina. Alinifundisha shule ya msingi, sasa ni mstaafu anayeishi Ngamiani, na ni malenga wa jadi asiyevumilia shairi lenye mizani iliyopungua. Nilipomweleza habari ya programu huru, alinitazama juu ya miwani. "Huru kama mashairi huru?" Wasomaji wa ukumbi huu wanaujua mgogoro ule wa miaka ya sabini, Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 na wanamapokeo wakasimama kidete. Kwa Mwalimu mgogoro ule haujaisha hadi leo. Nikamjibu kwamba programu zina arudhi kali kuliko tarbia yoyote, kwani nukta moja ikikosekana mahali pake mtambo hukataa kusoma hadi mwisho. Jibu hilo lilimpendeza. Akaniomba nimtazamie kompyuta yake.

Ilikuwa kompyuta ya mezani aliyoachiwa na mwanawe, imejaa virusi vilivyokuja na flashi za watu. Kuiwasha ilikuwa kazi ya robo saa. Humo ndimo alimokuwa akiuandika utenzi wake mrefu wa mkonge: tangu mmea ulipoletwa na Wajerumani mwaka 1893, hadi manamba walioletwa kutoka mbali kufanya kazi mashambani, hadi bei ilipoanguka. Beti 212. Mimi nilikuwa nimezisikia kama 40 hivi, barazani, akizighani.

Nilikwenda siku ya Jumamosi, mwezi wa Juni 2012. Nikamwamkia, nikaketi, nikamuuliza kilicho muhimu ni kipi. Akanionyesha kabrasha lenye nyaraka zake. Nikalinakili lote kwenye flashi yangu. Nikatia CD. Yeye akavuta kiti akaketi ubavuni mwangu, mikono magotini, akitazama kioo kama mtu anayetazama daktari akimfunga mwanawe bendeji.

Mfumo uliuliza lugha. Nikachagua Kiingereza pasipo hata kutazama kama Kiswahili kimo. Kisha ukafika ukurasa ule ambao nimeuona usingizini mara nyingi tangu siku hiyo, ukurasa unaouliza diski ifanyweje. Chaguo moja lilisema diski itafutwa yote, na chini yake, kwa herufi ndogo, liliorodhesha vitakavyopotea: programu, nyaraka, picha, muziki, na mafaili mengine yoyote yaliyomo.

Mwalimu hajui Kiingereza cha kusoma maandishi madogo. Akaniuliza, "Inasemaje, mwanangu?"

Nikamjibu, "Inauliza kama tuendelee."

"Basi tuendelee."

Nikabonyeza.

Utenzi haukuwamo katika kabrasha lile. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, na fundi aliyemfungia mashine alimfundisha kuweka mambo ya thamani katika sehemu ya pili, ili ya kwanza ikiharibika ya pili isalie. Ushauri mzuri kabisa. Mwalimu aliufuata kwa utiifu, na nyaraka zilizokuwa katika sehemu ya kwanza zilikuwa barua za kamati ya msikiti na orodha ya michango ya harusi.

Hakupaza sauti. Tuliutafuta hadi magharibi, akasema anakwenda kuswali. Kesho yake asubuhi kijana aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameniruhusu kuunakili ubeti wake hapa:

Nilikukabidhi mali, nawe hima ukafuta
Hukuuliza suali, kitufe ukakigota
Beti zangu za awali, sasa wapi 'tazipata
Mgeni wako mkali, vyangu vyote kavikata

Ule mshororo wa pili ndio ulionichoma. Suali liliulizwa. Mtambo uliuliza kwa ukamilifu, ukaorodhesha na vitakavyoangamia, na mtu aliyekuwa na haki ya kujibu alikuwa ameketi pale pale. Mkalimani ndiye aliyekosa uaminifu. Mimi, mwalimu wa lugha, nilipewa sentensi mbili za kutafsiri nikazifanya neno moja.

Jambo lililookoa sehemu ya hasara ni kwamba diski haifutwi kama ubao. Mfumo mpya huandika upya orodha ya vilivyomo, kisha hukalia sehemu yake tu. Maandishi ya zamani hubaki chini hadi kitu kingine kiandikwe juu yao. Nikaizima mashine isiandike zaidi. Nikatumia PhotoRec, nayo ni programu huria, inayopekua diski kipande kwa kipande bila kujali majina, ikitafuta alama zinazoanzia kila aina ya faili. Ilikesha siku mbili nyumbani kwangu. Ilirudisha maelfu ya vipande, vyote vimepewa namba badala ya majina, nami nikavifungua kimoja kimoja. Nikapata nakala ya kale ya utenzi, yenye beti 119, tena za mwisho zimechanganyika na alama zisizosomeka.

Zilizobaki tulizitoa kichwani mwake. Kwa wiki sita nilikwenda kila baada ya laasiri na kompyuta yangu ya mkononi. Yeye akighani, mimi nikiandika. Hapo niliona kwa macho yangu kazi ya vina tunayoisema madarasani. Alipokwama hakutafuta maana, alitafuta sauti. Vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti wa utenzi hutunza kina kimoja na cha nne hutunza bahari, na akishapata kina, ubeti wote humfuata kama ndoo inavyofuata kamba kisimani. Siku nyingine alinikemea kwa kuandika haraka kuliko anavyokumbuka.

Tulifika beti 204. Nane hazikurudi. Zilikuwa zimetungwa karibuni, mkono wake ulipoanza kutetemeka, naye alizichapa moja kwa moja kwenye mashine pasipo kuzipitisha mdomoni kwanza. Ndani yake mlikuwa na majina ya manamba waliozikwa kandokando ya shamba moja la mkonge, majina aliyopewa na mzee wa kijiji kile. Nilijitolea twende tukamuulize tena. Mwalimu aliniambia mzee yule alikwishafariki, mwezi wa Rajabu.

Sikuwa na la kusema, na sina hadi leo. Nimeendelea na mifumo huria. Baadaye nilihama Ubuntu nikaingia Debian, na bado nawapa watu CD, siku hizi flashi. Lakini nimeacha kuhubiri nilivyokuwa nikihubiri. Naanza na swali la nyaraka, narudia mara tatu, nanakili diski nzima. Na nusu ya muda niliokuwa nikiutumia kujaribu distro mpya kila mwezi nauweka katika kutafsiri.

Hapa ndipo ninapowahitaji ninyi, waungwana.

Ule uhuru wa kuchunguza na kubadili, ambao mafundi huuelewa kama ruhusa ya kurekebisha mitambo, kwetu sisi ni ruhusa ya kuitia programu lugha yetu pasipo kumngoja mwenye kampuni aone kama tuna faida. Si ndoto. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na Waswidi katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi ile walilazimika kwanza kukubaliana juu ya istilahi. Ila tafsiri ya programu ni kama paa la makuti, lisipoezuliwa na kuezekwa upya huvuja. Maneno mapya huongezwa kila toleo, na nilipoanza kupekua tafsiri za Kiswahili katika miradi mbalimbali nilikuta nyingi zimeanzwa kwa bidii na kuachwa njiani.

Kazi yenyewe ingewapendeza. Unapewa faili lenye mistari miwili miwili: wa juu una maneno ya asili, wa chini mtupu unakungoja. Na kuna mizani. Kitufe kina upana wake, na neno likizidi hukatwa mkia. *Ghairi* linaingia vizuri. *Mipangilio* linabanana. Neno la kurudisha nyuma kitendo ulichokifanya lilinishughulisha kwa siku nyingi, hadi nilipokumbuka mnyambuliko wetu wa kutendua wenyewe: funga, fungua, ziba, zibua, panga, pangua, bandika, bandua. Kumbe tenda, *tendua*. Si mimi niliyelibuni, wengine walikwishalitumia, ila siku nilipolielewa niliinuka kitini nikazunguka chumba.

Kisha yako matatizo ambayo waliounda programu hawakuyawaza. Mwingereza huandika sentensi yenye pengo: jina fulani, kisha "limefutwa", na programu hujaza jina lolote. Kwake haidhuru. Kwetu kitenzi hakikubali kuandikwa kabla ya kujua nomino ni ya ngeli gani: kitabu kimefutwa, utenzi umefutwa, shairi limefutwa, diwani imefutwa. Njia tunayoitumia ni kulitanguliza neno faili ili lipokee upatanisho kwa niaba ya wote. Na hapo tu ndipo vita vinapoanza, kwani wapo wasemao *faili limefutwa, mafaili yamefutwa*, na wapo wasemao *faili imefutwa, faili zimefutwa*. Mimi ni wa kundi la kwanza. Nimepigiwa kura nikashindwa, na mara mbili nimeirudia hoja kwa njia ambayo sasa naiona haikuwa ya kiungwana. Sijataja tarakilishi na kompyuta. Ugomvi huo nawaachia ndugu zetu wa Kenya.

Mafundi ninaokutana nao wana ujuzi na moyo, lakini wengi husema wazi kwamba Kiswahili chao ni cha kusemea. Washairi wana sikio. Mtu aliyezoea kupima mizani 16 akatafuta neno litakalobeba maana bila kuuvunja mshororo, ana silaha ambayo fundi hana. Wala hamhitaji kujua kuandika programu. Mimi sijui.

Na msiogope kwamba mtanyang'anywa kazi yenu. Leseni nyingi za programu huria humtaka mwenye kunakili aache jina la mtunzi mahali pake, na baadhi yake humtaka awape wengine uhuru ule ule aliopewa. Utaratibu huo si mgeni pwani. Tenzi zetu zilipita mikononi mwa wanakili, watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, na mtunzi alizoea kulitia jina lake katika beti za mwisho, akamwomba msomaji akiona kosa alisahihishe.

Mwalimu ni mmoja wa wahakiki wangu. Kompyuta yake ile ile bado inafanya kazi kwa mfumo mwepesi niliouweka baadaye, kwa ridhaa yake, akiwa ameketi pale pale. Beti mpya huziandika kwanza kwa kalamu, mwanafunzi wangu huzichapa, nami huzinakili mahali patatu. Mahali pa zile nane aliacha nafasi tupu ndani ya utenzi, namba zikiwapo bila maneno, na hataki pazibwe.

Mwezi uliopita nilimpelekea rasimu ya maneno ya ukurasa ule wa diski. Nilikuwa nimeandika: *Futa diski.* Alikisoma kioo taratibu, kidole kikifuata herufi. Akasema futa haifai. Ubao hufutwa na kesho huandikwa tena, machozi hufutwa, deni hufutwa, na katika yote hayo hakuna anayepata hasara. Anataka *Angamiza vyote vilivyomo*. Nimelipeleka pendekezo lake kwa wenzangu wa tafsiri. Wawili wanaona linatisha kupita kiasi na litawakimbiza watumiaji wapya; mmoja anasema ni refu kuliko kitufe. Nimewajibu kuhusu urefu. Kuhusu kutisha bado tunabishana, na mstari wa chini, hadi ninapoandika haya, uko mtupu.